Wasomaji wanauliza: Wanawake wa India wanaoandika ni mabinti wa nani?

Tangu tulipochapa habari ya Banu Mushtaq, mwandishi wa India aliyepata tuzo ya International Booker 2025, barua kutoka Bukavu hazijakatika. Tano tunazijibu hapa. Tumezifupisha, lakini hatukugusa maswali yenyewe.

Ninasoma fasihi. Kichwa cha TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo) kilikuwa "Mwandishi mwanamke wa India: asili yake na mambo yanayomvutia". Direktere amekikataa, anasema ni kipana mno. Nikikate wapi?
*B., mwanafunzi, Ibanda*

Direktere wako ana haki. Ni kama ungeandika "mwandishi mwanamke wa Afrika" ukadhani umetaja mtu. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22, na Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi iliyoanzishwa 1954, inatoa tuzo katika lugha 24. Anayeandika Kitamil na anayeandika Kibengali hawasomani bila mtu wa kuwatafsiria. Kwa hiyo usianze kukata kwenye mada. Anza kwenye lugha.

Chagua lugha moja na wanawake watatu waliopishana miaka. Kibengali kinafaa: Rashsundari Devi, ambaye kitabu cha maisha yake kilitoka 1876, Ashapurna Devi (1909–1995), na Mahasweta Devi (1926–2016). Kila mmoja mchoree mraba wenye vyumba vinne: alizaliwa katika nyumba ya namna gani, nani alimfundisha kusoma, alikula kwa kazi gani, na kitabu unachokishika wewe kilipitia lugha zipi hadi kukufikia. Ukishajaza, mada itajitokeza yenyewe. Mahasweta alikuwa binti wa baba mshairi na mama mwandishi, akasoma Kiingereza katika chuo cha Santiniketan, akafundisha koleji. Ashapurna hakupelekwa shule hata siku moja. Bibi yake hakutaka wasichana wasome. Alishika herufi kwa kusikiliza kaka zake wakirudia masomo. Huyohuyo ndiye mwanamke wa kwanza kupewa Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, 1976. Mtu anayesema "waandishi wa India wanatoka kwenye nyumba za wasomi" ameshaangushwa na mraba wa pili tu.

Sasa makosa yanayowakamata wengi. "Devi" si jina la ukoo, ni jina la heshima la mwanamke. Usiandike kwamba hao watatu ni ndugu, na usiwapange kwenye orodha chini ya D. Tena angalia mipaka. Amrita Pritam, mshairi wa Kipunjabi, alizaliwa Gujranwala 1919; leo mji huo uko Pakistan, lakini mwaka ule Pakistan haikuwapo, ilizaliwa 1947. Mwandishi Rokeya Sakhawat Hossain alizaliwa Rangpur na Mahasweta alizaliwa Dhaka, zote mbili leo ziko Bangladesh. Andika mji wa wakati ule, kisha useme uko nchi gani sasa.

Majina ya kuandikia nayo yanapoteza watu. Kamala Das wa mashairi ya Kiingereza ndiye Madhavikutty wa hadithi za Kimalayalam, na ndiye Kamala Surayya baada ya kusilimu 1999. Usije ukawahesabu kuwa wanawake watatu.

La mwisho ni letu sisi wenyewe: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini. Ismat Chughtai wa hadithi za Kiurdu alikuwa Mwislamu, Amrita Pritam alitoka kwa Masingasinga, Bama anayeandika Kitamil ni Mkatoliki. Wote ni Wahindi, hakuna hata mmoja aliyezaliwa Mhindu.

Niliishia la nne primeri. Tuko wanawake 12, tunakutana Jumamosi baada ya soko. Wenzangu wanasema kitabu ni cha wenye diploma. Kuna Mhindi aliyeandika bila shule? Na sisi tuanzie wapi?
*Mama S., Kadutu*

Yupo, Mama, na wa kwanza alijifunzia jikoni.

Rashsundari Devi aliolewa akiwa na miaka 12, akaingia nyumba kubwa ya kijijini yenye wageni na watoto wasiokwisha. Siku zile Bengali iliaminika kwamba mwanamke akisoma atafiwa na mume. Vitabu vya wakati ule havikushonwa. Kurasa zilikaa huru katikati ya vibao viwili na kufungwa kamba. Siku moja kitabu cha dini kiliachwa karibu na jiko. Aliweza kukitambua kwa picha ya kibao chake. Akachomoa ukurasa mmoja, akauficha. Halafu akachukua jani la mtende ambalo mwanawe alilifanyia mazoezi ya herufi. Jani hili, ukurasa huu, na maneno aliyokuwa anayajua kwa kuyasikia: hizo ndizo zilikuwa darasa lake. Alipika huku ameshika ukurasa mkono wa kushoto, akilinganisha herufi ya jani na herufi ya kitabu, moja baada ya nyingine, amejifunika ushungi ili asionekane. Kusoma kulimjia kabla ya kuandika kwa miaka mingi, na sababu ni nyepesi: ukurasa unafichika ndani ya nguo, lakini kuandika kunataka karatasi, wino, kalamu na mahali pa kukaa. Aliandika ukubwani, mwanawe alipolalamika kwamba mama hajibu barua zake. Kitabu chake ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mtu kusimulia maisha yake mwenyewe kwa Kibengali.

Wa pili yuko karibu nasi zaidi. Baby Halder alisoma shule kwa vipande, akaolewa na miaka 12, akamkimbia mume akiwa na watoto wake watatu, akapanda treni hadi Delhi kutafuta kazi za nyumbani. Mwenye nyumba wa mwisho, profesa Prabodh Kumar, aliona kwamba anapopangusa rafu ya vitabu vya Kibengali anakawia. Akampa kitabu asome, halafu kaye na biki, akamwambia aandike maisha yake. Aliandika usiku vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wamelala, tahajia nyingi ameshazisahau. Kitabu kilitoka kwa Kihindi 2002, kabla hata Kibengali alichokiandikia hakijachapwa.

Nanyi fanyeni hivi. Kila mmoja kaye yake na biki yake. Kaye ya kundi haifai, kila mtu ataandika akiwaogopa wenzake. Ukurasa mmoja kwa Jumamosi, usizidi. Anzeni na kitu cha mkono, kwa mfano namna ya kusonga bugali wa watu 20, au siku ya kwanza ya kubeba mzigo kutoka bandarini. Anayeanza na "maisha yangu" atafunga kaye wiki ya pili. Mpaka kila mtu afikishe kurasa kumi, asiwepo wa kusahihisha. Kundi linavunjika, mara nyingi, pale mwenye shule kuliko wengine anapoanza kuandika upya kurasa za wenzake "ili ziwe nzuri". Zinakuwa nzuri kweli, ila zinakuwa zake.

Andikeni kwa Kiswahili mnachokisema Kadutu. Bama, aliyekuwa sista akatoka utawani baada ya miaka saba, aliandika kitabu chake cha 1992 kwa Kitamil cha watu wa kwao, kile ambacho walimu wanakiita kibovu, na ndicho kilichompatia jina. Lakini mjue na upande wa pili: watu wa kijiji chake walijitambua ndani, wakakasirika, ikapita miezi kabla hajakanyaga tena kule. Badilisheni majina tangu ukurasa wa kwanza, msingoje mwisho. Na ambaye kaye yake haiko salama nyumbani, amwachie mwenzake. Salma wa Tamil Nadu alijipa jina hilo ili nyumba ya mumewe isijue ni nani anayetoa mashairi.

Filamu zao zote ni mapenzi na kucheza kwenye mvua. Vitabu vya wanawake wao vinazungumza nini?
*Papa J., Nyawera*

Mapenzi yamo, Papa, lakini tafuta kwanza mirathi.

Chukua Arundhati Roy. Alisomea usanifu wa majengo Delhi, na riwaya yake ya 1997 iliyopata tuzo ya Booker imejengwa kama nyumba: unaingia katikati, unarudi nyuma, chumba kilekile unakiona kutoka milango tofauti. Ndani yake binti aliyeachika anarudi kwa wazazi na hana haki ya kitu. Hilo halikutoka hewani. Sheria ya 1916 ya Wakristo wa Travancore ilimpa binti robo ya fungu la kaka yake au rupia 5,000, kile kilicho kidogo. Mama yake Arundhati, mwalimu Mary Roy, aliipeleka hadi Mahakama Kuu ya nchi, akashinda 1986. Baada ya riwaya, Arundhati aligeukia kuandika juu ya mabwawa ya mto Narmada na watu waliohamishwa kwa ajili yake. Mwaka 2002 alilala gerezani siku moja kwa kuidharau mahakama. Riwaya ya pili ilikuja 2017, miaka 20 baadaye. Wachapishaji wa kwetu wanaodai hati kila mwaka wasome tarehe hizo.

Banu Mushtaq ni wakili wa Hassan, Karnataka, anaandika Kikannada. Wanawake wa hadithi zake ni wale ambao wakili anawaona mlangoni: aliyeachwa na watoto, anayerudishwa kwa mume na ndugu zake mwenyewe. Hadithi 12 hizo ndizo zilizochukua International Booker 2025. Urmila Pawar, kwa Kimarathi, alikipa kitabu chake jina la vitu vya mwanzi ambavyo mama yake alisuka na kuuza ili watoto wasome. Anayesuka vikapo Bagira hatahitaji maelezo.

Na uchokozi upo. Ismat Chughtai alishitakiwa Lahore kwa hadithi ya 1942 kuhusu mapenzi ya mke mpweke na kijakazi wake. Walitafuta neno chafu ndani ya hadithi, hawakulipata, akaachiliwa.

Nawasomea wanafunzi hadithi za India zilizo kwa Kifaransa, ninageuza Kiswahili papo hapo. "Caste" niliiita kabila. Mmoja akauliza: kama Washi na Warega? Nikakwama.
*Mwalimu K., Bagira*

Ulikwama kwa sababu neno limekosea, Mwalimu. Kabila kwetu lina lugha yake na milima yake. Watu wa kasta mbili wanaweza kuwa wa kijiji kimoja, lugha moja na dini moja, ila mmoja hachoti maji kisima cha mwenzake wala hamwozi binti. Mtu anazaliwa ndani yake, na mali haimtoi. Acha neno lilivyo, *kasta*, ulieleze mara moja kwa kisima hicho, kisha uendelee. Dalit ni waliowekwa chini ya kasta zote. Maana ya jina ni "waliopondwa", na wamejichagulia wenyewe. Katiba ya 1950 ilipiga marufuku kumtenga mtu hivyo, ila Bama anaonyesha Wakatoliki wa kwao wakiwa na makaburi mawili: ya Dalit na ya wengine.

Neno kabila usilitupe. Litunze kwa ajili ya Adivasi, wenyeji wa asili wa India, kama Wamunda na Wasanthali, wenye lugha zao na misitu yao. Hao ndio Mahasweta Devi aliowaandikia; riwaya yake ya 1977 inamfuata Birsa Munda, aliyeongoza watu wake dhidi ya Waingereza.

Mtego mwingine ni majina ya undugu, ambayo mara nyingi mtafsiri Mfaransa anayaacha jinsi yalivyo. Katika hadithi ya Kibengali, *mama* ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. *Dada* ni kaka mkubwa. *Kaka* ni baba mdogo. Na *mashi* si lugha ya Walungu na Kabare, ni dada wa mama. Ukiisoma sentensi "Dada alimpiga Mama" bila kujua, darasa zima litalia kwa jambo ambalo halikutokea. Kabla ya kusoma, andika ubaoni kila jina na undugu wake kwa Kiswahili, halafu soma kwa Kiswahili tu. Hesabu dakika tano kwa kila ukurasa unaogeuzwa mdomoni. Hadithi ya kurasa nane inamaliza saa moja ya somo, maswali yakiwemo.

Nasoma Kifaransa peke yake. Nitawapata?
*Dada M., Nguba*

Utawapata. Geuza ukurasa wa jina la kitabu uone kimetafsiriwa kutoka nini. Kikisema "traduit de l'anglais (Inde)", mwandishi aliandika Kiingereza mwenyewe, au kimepita Kiingereza kabla ya kufika kwako. Kikisema "du hindi" au "du bengali", umepata njia fupi. Ret Samadhi ya Geetanjali Shree, hadithi ya bibi wa miaka 80 anayevuka mpaka kwenda Pakistan, ilitoka kwa Kifaransa 2020 moja kwa moja kutoka Kihindi, miaka miwili kabla Waingereza hawajaipa International Booker. Baby Halder yuko kwa mchapishaji Picquier.

Kuna na walioandika Kifaransa chenyewe. Toru Dutt wa Kolkata alikufa 1877 akiwa na miaka 21, akaacha riwaya ya Kifaransa iliyochapwa Paris 1879. Shumona Sinha, naye wa Kolkata, aliandika 2011 kuhusu wakalimani wa waomba hifadhi, kazi aliyokuwa akiifanya Paris, na kitabu kikamgharimu kazi hiyo. Ila Ananda Devi, ambaye maduka humweka rafu ya India, ni wa Morisi. Aliwahi hata kuishi Kongo-Brazzaville.