Zote Zinanguruma, Ipi Nzuri?

Kaka, bendi mpya za deathcore, ule muziki wa metali mzito wenye sauti za kunguruma, zote naona zinanguruma sawa. Nitajuaje iliyo bora?
— Msomaji, Kondele, Kisumu

Mdogo wangu, anza karibu na nyumbani: bendi ya Duma ya Nairobi. Si deathcore hasa, ila albamu yao ya 2020, iliyotolewa na lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, niliisikiliza kwenye matatu nikitoka Nakuru, kipokea sauti kimoja cha masikioni kimekufa, na bado mwili ulinisisimka.

Kisha bendi ya Lorna Shore ya Marekani. Usifuate mngurumo wa mwimbaji, fuata mapigo ya ngoma. Subiri pale mwendo unaposhuka ghafla, gitaa zikawa nzito kama lori linalopanda mlima. Bendi nzuri hukuandaa kwa pigo hilo. Dhaifu hulibandika tu, na mara ya pili halikugusi.