Shaba Inayobanduka Kwenye Bawaba za Chuma

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakarabati samani za zamani katika karakana ndogo nyumbani kwangu. Nilitaka bawaba za chuma zipate rangi ya shaba nyekundu, nikayeyusha mrututu (chumvi ya buluu yenye shaba) katika maji na kuandaa betri ya gari pamoja na kipande cha bomba la shaba la jokofu. Bawaba ziligeuka nyekundu hata kabla sijaunganisha umeme, lakini nilipozifuta kwa kitambaa baada ya kazi, shaba yote ilitoka. Je, betri yangu haina nguvu ya kutosha? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam.

JIBU: Betri yako ina nguvu kuliko inavyohitajika, tatizo limeanzia kwenye chuma chenyewe. Chuma kinapotumbukizwa katika maji ya mrututu, uso wake huanza kuyeyuka na kuiachia shaba nafasi pasipo umeme wowote, na shaba inayojikusanya kwa haraka namna hiyo huwa kama unga usioshika, kiasi kwamba tabaka lolote utakaloliongeza juu yake kwa umeme litabanduka pamoja nao. Viwandani huanza na tabaka jembamba la nikeli, au na mchanganyiko wa shaba wenye sianidi, ambayo ni sumu kali isiyopaswa kuingia nyumbani kabisa. Ningekushauri utafute bawaba za shaba ya manjano, kwa kuwa hizo hupokea shaba nyekundu moja kwa moja. Za chuma zitangulie kwa fundi wa nikeli.

Usafi nao ni nusu ya kazi. Sugua bawaba kwa sabuni hadi maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone, kisha usiiguse tena kwa vidole vitupu. Bomba liunganishwe na chanya, bawaba na hasi. Kwa kila sentimita 100 za mraba za uso, ampea 1 hadi 2 zinatosha; ampea 1 kwa saa moja huacha unene wa mikromita 13 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali umeme ukizidi sana shaba hutoka nyeusi na yenye chengachenga. Njia nyepesi ya kuudhibiti ni kuupitisha kwanza katika balbu ya indiketa ya volti 12 na wati 21, ambayo hairuhusu zaidi ya ampea 1.75 hivi. Ukiongeza asidi ya betri ili umeme upite vizuri, vaa glavu na miwani, na mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba shaba itakikinga chuma dhidi ya hewa ya chumvi ya pwani yetu. Tofauti na zinki, shaba ikikwaruzwa hukifanya chuma kilicho chini yake kishike kutu haraka zaidi, hivyo malizia kwa vanishi. Mchanganyiko uliobaki usiumwage mtaroni, kwani shaba huua samaki. Uhifadhi katika chombo cha plastiki chenye maandishi ya tahadhari, kwa sababu bomba linapoyeyuka hufidia shaba iliyotumika na mchanganyiko huo utakufaa tena.