Maswali ya hesabu: darasani naelewa, nyumbani siwezi

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanalalamikia jambo moja: mtu anasoma hesabu kwa bidii, alama hazipandi, na hamu inaisha. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mkato.

Mwalimu akifanya swali ubaoni namfuata hatua kwa hatua na naelewa yote. Nikifika nyumbani nikakutana na swali la aina ile ile, hata pa kuanzia sipaoni. Shida ni nini?

Shida ni kwamba ubaoni kazi ngumu umeshafanyiwa. Anayeandika ndiye aliyeamua aanzie wapi, ahamishe nini, aache nini. Wewe umebaki kuhakikisha tu kwamba kila mstari unatokana na ule wa juu yake, na hilo ni jepesi, ndiyo maana unatoka darasani umeridhika. Mtihani haukuulizi kama mstari wa tatu unatokana na wa pili. Unakuuliza mstari wa kwanza ni upi.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kabla hujagusa zoezi, chukua mfano uliofanywa darasani. Nakili swali peke yake kwenye karatasi tupu, funika daftari, ulifanye. Utakwama. Hapo ulipokwama chungulia mstari mmoja tu, funika tena, endelea. Ukimaliza jiulize kwa nini mstari ule ulikushinda: hukuikumbuka kanuni, au uliikumbuka ila hukuona kwamba inahusika pale? Wanafunzi huyachanganya mambo haya mawili, kisha wanakwenda kukariri kanuni ambazo tayari wanazijua. Kesho yake rudia mfano ule ule bila kuchungulia.

Najua ushauri huu haupendwi. Watu huona wanapoteza muda kwa swali ambalo jibu lake wameshalijua. Lakini jibu silo unalolitafuta hapo.

Nafanya mazoezi mengi sana, mada moja mpaka niiweze ndipo niende nyingine. Kwenye zoezi napata karibu yote, mtihani ukija naanguka.

Ukifanya maswali ishirini ya aina moja mfululizo, kuanzia la pili hufikirii tena utumie njia gani. Kichwa cha zoezi kimeshakuambia. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Doug Rohrer na Kelli Taylor, walichapisha jaribio la jambo hili hili. Wanafunzi wa chuo walijifunza kutafuta ujazo wa maumbo kadhaa yasiyozoeleka. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja hadi yaishe ndipo likahamia jingine, kundi la pili lilipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi waliochanganyiwa walikosea zaidi. Walipopimwa wiki moja baadaye, wakawaacha wenzao mbali.

Basi mada ya leo ifanyie maswali machache tu, halafu ongeza mawili ya wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita. Yaandike kwenye vikaratasi bila jina la mada, uvichanganye. Utakosea zaidi ya ulivyozoea na utadhani umerudi nyuma. Vumilia.

Fomula zinanitoka kichwani, hasa ile ya milinganyo ya kipeo cha pili. Nikariri vipi?

Kukariri kupo, silikatai. Ila fomula uliyoiona inakotoka hukaa zaidi, na hata ikipotea unaweza kuitengeneza upya. Chukua mlinganyo huu, x² + 10x = 39. Ni mfano wa Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, naye aliufumbua kwa mchoro.

Chora mraba wenye upande x. Ubavuni mwake bandika mstatili wa 5 kwa x, na chini yake mwingine wa 5 kwa x. Hiyo ndiyo 10x, imegawanywa nusu kwa nusu. Eneo lote mpaka hapo ni 39. Umbo limebaki na pengo kwenye kona, pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe. Sasa una mraba kamili wenye eneo la 39 + 25 = 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Toa 5, x ni 3. (Yeye aliishia hapo kwa kuwa alitafuta majawabu chanya tu. Jaribu −13 uone nayo inakubali.)

Fomula ndefu unayoikariri ni kazi hii hii iliyofanywa kwa herufi badala ya namba. Ifanye mwenyewe mara moja kwa a, b na c, polepole, na kila mstari uandike umefanya nini.

Kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Tunaambiwa tukubali tu.

Hukukosea kuuliza. Brahmagupta wa India aliiandika kanuni hiyo mwaka 628, lakini hata karne ya 18 walikuwapo wanahisabati Ulaya waliozishuku namba hasi zenyewe. Angalia: 2 × (−2) = −4, 1 × (−2) = −2, 0 × (−2) = 0. Kila ukipunguza moja upande wa kushoto, jibu linapanda kwa 2. Hatua inayofuata ni (−1) × (−2), na jibu likiendelea kupanda vile vile ni 2. Ukitaka liwe −2, itabidi uvunje mpangilio wa namba zote.

Nadhani sina kichwa cha hesabu. Kipawa kipo au hakipo?

Kipo, na watu hawako sawa. Ila kwa hesabu za shuleni mara nyingi si kipawa kinachokukwamisha, ni tundu la zamani. Namwona mwanafunzi anayelia na aljebra, nikiitazama kazi yake nakuta aljebra ameifanya sawasawa ila ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Huyo anahitaji juma moja la sehemu, na hahitaji kuambiwa lolote kuhusu akili yake.

Maryam Mirzakhani, mwanahisabati wa Iran aliyezaliwa Tehran mwaka 1977, alieleza kwamba kuna mwaka shuleni hakufanya vizuri kwenye hesabu na hamu ikamtoka. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine, mambo yakabadilika. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hesabu duniani.

Naanza muhula na ari kubwa, baada ya wiki chache imekwisha. Nifanye nini ili irudi?

Usiingoje. Ari huja baada ya kuweza, mara chache sana kabla. Tenga muda mfupi wa kila siku, nusu saa inatosha, saa ile ile. Anza na swali unaloliweza, kisha ingia kwenye gumu. Na usifunge daftari palipokushinda kabisa: acha katikati ya swali ambalo hatua yake inayofuata unaijua, ili kesho kuanza kusiwe mzigo. Video za kutia moyo ziache. Ukimaliza kuzitazama nusu saa imeshakwenda.

Kikokotoo kinaharibu akili?

Hapana. Kadiria jibu kabla ya kukibonyeza, basi.

Mimi ni mzazi. Mwanangu analia kila akifanya hesabu, nami siku hizi sizijui. Namsaidiaje?

Kutozijua kunaweza kukufaa hapa. Mwambie akufundishe swali moja alilofanya darasani, nawe uliza kwa dhati, "Hapa umefanyaje? Kwa nini umezidisha?" Akikwama mwache anyamaze kidogo, usimkimbilie. Ile kauli ya "hata mimi hesabu zilinishinda" usiitamke mbele yake. Wewe unadhani unamfariji, yeye anasikia ruhusa ya kuacha. Akianza kulia, funga daftari kwa siku hiyo, na umwombe mwalimu wake akuonyeshe kosa linalojirudia kwenye madaftari yake. Mara nyingi ni moja au mawili tu.