Kilo 7 kwa siku 10? Dada, usilipe hiyo pakiti

Umeuliza mambo matatu: kama pakiti ya chai na kapsuli inayoahidi kilo 7 kwa siku 10 inafaa, kama uache wali wa usiku, na kama kutembea ufukweni kunatosha. Halafu ukataja kwa kupitia tu kwamba unameza dawa ya presha. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa hivyo wali na kutembea vitasubiri; leo nijibu la pakiti tu. Pakiti ya namna hiyo nilishainunua, tena mara mbili.

Anza na chai. Geuza pakiti usome nyuma. Ukiona senna au Cassia angustifolia, hiyo ni sanamaki, ileile wazee wetu waliyompa mtu aliyefunga choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kuinywa. Mahamri na mbaazi za nazi ulizokula zimeshanyonywa kabla ya hapo, kwenye utumbo mwembamba. Nguvu ya chakula imeingia mwilini karibu yote na kitambi kiko palepale. Kinachokutoka ni maji, chumvi na madini ya potasiamu.

Mizani itashuka, utafurahi, utamtumia muuzaji picha naye ataibandika kwa wateja wengine. Siku ukiacha, figo zinashika maji na chumvi, miguu na uso vinavimba, mizani inapanda. Utaamini dawa ilifanya kazi na kosa ni lako kwa kukatiza, kisha utanunua ya pili. Biashara nzima imesimama juu ya kuvimba huko, na aliyeniuzia alikuwa akinihimiza niongeze dozi!

Piga hesabu mwenyewe. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Kilo 7 ni 53,900, yaani 5,390 kila siku kwa siku 10. Watu wazima wengi hutumia kati ya 2,000 na 2,500 kwa siku. Hata ukifunga usile chochote, hufiki nusu. Mafuta hutoka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na hapo umejibana kweli.

Sasa presha. Kama kidonge chako kina haidroklorothiazaidi, ambayo kwenye pakiti huandikwa HCTZ, hicho tayari kinakukojoza maji na potasiamu. Ukiongeza sanamaki, unapoteza potasiamu kwa milango miwili, na joto la Kaskazi linakukausha juu yake. Misuli inakaza, miguu inalegea, mapigo ya moyo yanaruka. Hata vidonge vingine vya presha, kama enalapril na losartan, vinaweza kuumiza figo za mtu aliyekaukiwa maji. Nawe usije ukaacha kidonge ili unywe chai.

Kapsuli ndizo zinazonitisha zaidi. Ikiwa imeandikwa "asilia 100%" lakini siku ya kwanza tu njaa imekatika, mdomo mkavu, usingizi hauji na moyo unakwenda mbio, shuku kuna dawa iliyofichwa. Inayokutwa mara nyingi ni sibutramini, dawa ya kukata njaa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Inapandisha presha, tena haiandikwi kwenye lebo. Muuzaji atakwambia ni majani tu, hayana madhara. Mbegu za mbarika nazo ni za mmea, na zinaua.

Kwa hivyo shika hili moja: usimeze kitu ambacho lebo yake haitaji kila kiambato na miligramu zake, na hata kikitaja, kipeleke kwa mfamasia mwenye leseni pamoja na dawa zako za presha kabla ya kukifungua. Akikwambia hakijasajiliwa kama dawa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, mrudishie aliyekuuzia.

Na kama ulishaanza, acha leo. Changanya paketi ya ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, unywe kidogokidogo, kisha ukapimwe presha. Ukihisi moyo unaruka, kifua kinabana au kizunguzungu ukisimama, nenda hospitali leo hii na pakiti yenyewe mkononi. Daktari apime potasiamu, asiishie kwenye presha. Tuandikie kidonge chako kinaitwaje.