Maswali ya Wasomaji: Mwindaji wa bata mzinga akae msituni hadi saa ngapi?

SWALI: Mimi na mdogo wangu tunaishi Pennsylvania, na huu ni msimu wetu wa pili wa kuwinda bata mzinga mwitu katika majira ya kuchipua. Siku za juma tunafanya kazi, kwa hiyo tunawinda Jumamosi tu, katika msitu wa umma. Huwa tunaingia msituni kukiwa bado giza na kuwasikia madume wakilia juu ya miti, lakini ikifika saa 2 asubuhi kila kitu kinanyamaza, nasi tunafunga safari ya kurudi nyumbani. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi anatucheka na kusema kwamba mwindaji wa kweli hatoki msituni hadi sheria imtoe. Mdogo wangu naye anashikilia kwamba kukaa mahali pasiposikika sauti ni kupoteza siku. Naomba mtuamulie: ni muda gani unatosha kwa siku moja, na je, inafaa kukaa kutwa nzima pale inaporuhusiwa? – Msomaji wenu, Pennsylvania

JIBU: Ndugu msomaji, katika mabishano hayo mimi nasimama upande wa mzee, ingawa sababu yangu si ile aliyoitoa yeye. Uvumilivu kwa ajili ya uvumilivu hauui ndege. Kinachofanya saa 2 asubuhi iwe saa mbaya ya kuondoka ni mwenendo wa ndege wenyewe, na nitaueleza hapa chini baada ya kugusia sheria, kwa kuwa ndiyo inayoweka mipaka ya siku yenu.

Katika jimbo lenu, majuma ya mwanzo ya msimu wa majira ya kuchipua huruhusu uwindaji kuanzia nusu saa kabla ya macheo hadi saa 6 mchana, na wawindaji huombwa wawe wametoka msituni kufikia saa 7. Sehemu ya mwisho ya msimu, ndani ya mwezi wa Mei, ruhusa hurefushwa hadi nusu saa baada ya machweo. Msichukulie kwamba ndivyo ilivyo kila mahali: New York hufunga saa 6 mchana msimu wote wa kuchipua, Illinois hufunga saa 7 mchana, na Missouri hutenganisha ardhi ya umma, inayofungwa saa 7 mchana, na ardhi ya watu binafsi, ambako mtu anaweza kuwinda hadi machweo. Sababu ya jadi ya kufunga mchana ni kuwapunguzia usumbufu majike wanaotaga na kuatamia katika kipindi hicho hicho. Tarehe na saa hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila mwaka someni upya kijitabu cha kanuni cha Pennsylvania Game Commission kabla ya kupanga lolote.

Sasa tuje kwa ndege. Bata mzinga hulala juu ya miti, na alfajiri dume hulia akiwa bado tawini ili majike walio karibu wajue alipo na wamfuate. Hapo ndipo penye ugumu wa uwindaji huu, kwa sababu mwindaji anayeiga sauti ya jike anamwomba dume afanye kinyume cha desturi yake, yaani yeye ndiye amfuate jike. Akishatua chini na kuzungukwa na majike halisi, hana haja ya kuendelea kulia, wala hana sababu ya kuacha waliopo na kwenda kumtafuta asiyeonekana. Ule ukimya unaowarudisha nyumbani saa 2 asubuhi, kwa hiyo, hauna maana kwamba ndege wamehama. Mara nyingi maana yake ni kwamba dume ameshapata wenzake, nao wanatembea na kula bila kelele, pengine umbali mdogo tu kutoka mlipoketi.

Hali hiyo haidumu. Jike hutaga takriban yai moja kwa siku, hadi afikishe mayai 10 hadi 12 hivi, kazi inayochukua kama majuma mawili. Katika siku hizo humwacha dume na kwenda kiotani kwa muda, kisha hurudi. Akishaanza kuatamia, hubaki juu ya mayai karibu kutwa nzima kwa siku 28 hivi, akitoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa. Matokeo yake ni kwamba kadiri asubuhi inavyosonga, na kadiri msimu unavyosonga, madume wengi zaidi hujikuta peke yao, na dume aliye peke yake huanza tena kutafuta. Kwa maoni yangu, kipindi cha kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana ndicho chenye thamani kubwa kwa mwindaji mwenye siku moja tu kwa juma. Dume anayeitikia saa 4 asubuhi anaweza kuwa amechelewa kuanza, lakini mara nyingi huyo ndiye anayekuja kweli.

Mtaambiwa kwamba ndege wengi huuawa katika saa mbili za mwanzo baada ya mapambazuko. Ni kweli kwamba asubuhi na mapema huleta ndege wengi, lakini mtu anayetoa hoja hiyo hana budi kukumbuka kwamba saa hizo ndizo ambazo karibu kila mwindaji yumo msituni, ilhali ifikapo saa 4 wengi wameshakwenda kunywa chai. Katika msitu wa umma kama wenu, kuondoka kwao ni faida kwenu pia, kwa sababu ndege waliosukumwa huku na huku tangu alfajiri hutulia na kurudi katika njia zao.

Ushauri wangu kwa majuma ya mwanzo ni huu: ingieni mapema kama mnavyofanya, na mbaki hadi karibu na saa 6 mchana, lakini msiichukue asubuhi yote kana kwamba ni kipande kimoja. Baada ya ule ukimya wa kwanza, kaeni palepale kwa muda wa saa moja angalau, kwa kuwa dume aliyewajibu alfajiri akanyamaza huweza kuja polepole bila kutoa sauti, akafika mahali aliposikia wito wakati mwindaji yuko njiani kuelekea gari lake. Iteni mara chache na kwa sauti ya chini. Kisha pumzikeni kwa makusudi: kuleni, nywesheni miili yenu maji, hata mkisinzia kidogo mkiwa mmeegemea shina la mti mnene unaozidi upana wa mabega yenu hakuna ubaya, mradi bunduki haina risasi. Ikikaribia saa 3 hamieni sehemu ya pili mliyoichagua tangu kabla ya msimu, ambako mmeona nyayo, manyoya au mavumbi ambayo ndege huogea.

Naweka mkazo katika kupumzika kwa sababu kuna kikomo kingine ambacho hakikuandikwa katika kijitabu cha kanuni, nacho ni uangalifu wa mwindaji mwenyewe. Bata mzinga huona rangi vizuri, macho yake yako pembeni mwa kichwa na humwezesha kuona sehemu kubwa ya mazingira bila kugeuka, na mtu aliyechoka hawezi kukaa bila kujitikisa. Hilo ni hasara ya ndege tu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtu aliyechoka huanza kuona anachotamani kuona. Ajali nyingi za uwindaji huu hutokana na mwindaji kumdhania mwenzake kuwa ndege, kwa kuwa wote wawili wamevaa mavazi ya kufanana na majani na wote wawili wanatoa sauti za bata mzinga. Kwa hiyo siku yenu iishe wakati wowote mnapogundua kwamba mmoja wenu amechoka kiasi cha kutoweza kutazama kitu kwa utulivu hadi aone wazi kichwa cha ndege na ule ushungi wa manyoya ya kifuani, hata kama sheria bado inawapa saa nyingine mbili. Katika msimu wa kuchipua Pennsylvania inawataka mumwite ndege aje kwenu, na hairuhusu kumnyemelea, sharti ambalo mtu aliyechoka kukaa hushawishika kulivunja. Na mnapohama kutoka mahali hadi mahali, vaeni kofia au fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, hata pale ambapo si lazima. Rangi nyekundu, nyeupe na buluu ziacheni nyumbani kabisa, hata kama ni kitambaa cha kufutia jasho, maana ndizo rangi za kichwa cha dume.

Kuhusu kukaa kutwa nzima katika sehemu ya mwisho ya msimu, hapo sikubaliani na mzee. Mwishoni mwa Mei, ukihesabu kutoka nusu saa kabla ya macheo hadi nusu saa baada ya machweo, siku ya kisheria katika jimbo lenu inazidi saa 15, na sijui mtu anayeweza kuzitumia zote akiwa na akili timamu. Kati ya saa 7 na saa 10 alasiri ndege hupunguza mwendo, hutafuta kivuli, huoga vumbi na husimama tu. Si kwamba haiwezekani kumpata mmoja, lakini ni saa zinazomchosha mtu kuliko zinavyomlipa. Chagueni moja kati ya mawili: asubuhi hadi saa 6 mchana, au alasiri kuanzia saa 10. Mkiwa na nguvu za kufanya yote mawili, rudini nyumbani katikati ya siku mkale na mlale kitandani.

Alasiri ina utaratibu wake. Ndege huelekea kwenye miti ya kulala huku wakila njiani, na hupanda juu karibu na machweo, kwa kuwa gizani hawaoni vizuri. Ketini katika njia hiyo, kwenye ukingo wa shamba au uwazi wa msitu, mbali kiasi na miti yenyewe. Simshauri mtu yeyote kupiga ndege chini ya mti anaolala, kwani kundi linalosumbuliwa hapo linaweza kuhama kabisa. Kama hamkupata kitu, saa hiyo bado ina kazi: igeni mlio wa bundi jua linapozama, na dume aliyekwisha kupanda anaweza kujibu kwa mshtuko tu, kama anavyojibu radi au mlango wa gari uliobamizwa. Hapo mtajua pa kuanzia siku inayofuata ya kuwinda.

Hali ya hewa hubadilisha hesabu hii kidogo. Siku ya upepo mkali hamtasikia kitu wala ndege hatasikia wito wenu vizuri, na mkirudi mapema sitawalaumu. Mvua nyepesi ni jambo jingine, kwa sababu ndege huenda kwenye mashamba na nyasi fupi ambako wanaona mbali, na mwindaji mwenye koti zuri hupata sababu ya kubaki. Joto la Mei nalo lina mambo mawili: nyama haitakiwi kukaa bila kupasuliwa na kupozwa, hivyo anayepiga ndege mchana asipange kuendelea kuzurura, na kupe wadogo wanaoeneza ugonjwa wa Lyme huwa wengi katika kipindi hicho, kwa hiyo kila saa mnayoketi chini iongezeeni ukaguzi wa mwili mzima mfikapo nyumbani.

SWALI: Naishi New York na nataka kumpeleka mwanangu wa miaka 13 kuwinda kwa mara ya kwanza katika majira ya kuchipua. Nikae naye kwa muda gani? – Mama wa mwindaji mpya

JIBU: Mama, usimwamshe usiku wa manane kwa siku ya kwanza. Ingieni msituni saa 3 asubuhi akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, mkae ndani ya kibanda cha kitambaa ambamo anaweza kujikuna na kunong'ona bila kuonekana, na mtoke kabla ya saa 6 mchana, ambayo ndiyo saa ya kufunga katika jimbo lenu. Akiomba kurudi nyumbani saa 4, mrudishe. Mtoto aliyelazimishwa kukaa huacha kutazama kabla hajaacha kuketi, na wakati huo silaha haifai kuwa mikononi mwake.

SWALI: Je, ushauri kuhusu asubuhi unafaa pia kwa msimu wa vuli? – Msomaji, New York

JIBU: Haufai sana. Katika vuli madume hawatafuti majike, milio ya alfajiri hupungua, na ndege hutembea katika makundi wakitafuta chakula, hasa karanga za mialoni na nafaka zilizobaki mashambani. New York huruhusu uwindaji wa vuli kuanzia macheo hadi machweo, na saa yoyote ndani ya muda huo inaweza kuwa nzuri, kwa kuwa kazi kubwa ni kulitafuta kundi kwa miguu. Ukilikuta na kulitawanya vizuri, ndipo hesabu ya saa inapoanza: keti mahali palepale lilipotawanyikia, subiri kidogo, kisha ita kwa sauti ya ndege aliyepotea. Ndege wachanga wa mwaka huo huanza kurudi kukusanyika mapema, wakati mwingine ndani ya nusu saa, lakini madume wazima huweza kuchukua saa kadhaa au wasirudi kabisa siku hiyo. Kundi likitawanyika jua likiwa limekaribia kuzama, usiketi kuwasubiri. Rudi mahali hapo kesho yake kabla ya mapambazuko.