Ukihamia Mji Mdogo wa Iowa, Anzia Jikoni kwa Kanisa

Watu wa kwetu wanaopata kazi katika hospitali, viwanda vya nyama au nyumba za kutunzia wazee huku Iowa, jimbo la Marekani, huniuliza swali moja kabla hawajafunga mizigo: baada ya kazi, huko kuna nini? Wamezoea Moshi, Nairobi au Bukavu, ambako mtu akichoka na kuta za chumba chake hutoka nje na kukuta dunia. Mimi naishi kaskazini-mashariki mwa jimbo hili, si mbali na Decorah, katika mji ambao ukiendesha gari ukifikiri jambo jingine utaupita kabla hujauona, na jibu langu huwa ni kwamba burudani ipo tele, lakini imefungamana na kanisa kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Anayekaa nyumbani akingoja kualikwa atangoja sana. Anayeshuka ukumbi wa chini ya kanisa na kushika taulo la kukaushia vyombo atakuwa amepata wenyeji kabla theluji haijaanza kuanguka.

Eneo hili lilikaliwa katika karne ya 19 na wahamiaji kutoka Norwei, Ujerumani, Ayalandi na Bohemia, na kila kundi lilijenga kanisa lake kabla ya kujenga kitu kingine cha maana. Ndiyo sababu mji mdogo unaweza kuwa na makanisa mawili ya Kilutheri yanayotazamana barabarani na la Kikatoliki juu ya kilima. Wanorwei walianzisha Chuo cha Luther mwaka 1861, na mpaka leo Decorah huvaa mavazi ya Kinorwei na kucheza ngoma zake katika sikukuu ya kila Julai. Katika kijiji cha Spillville, ambako Wacheki ndio walioweka mizizi, mtunzi Antonín Dvořák alikaa majira ya joto ya mwaka 1893, akawa anapiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Venseslao. Yeye naye, mtu mkubwa namna ile, alipofika kijiji cha ugenini alianzia kanisani.

Ibada yenyewe itakushangaza kwa ufupi wake. Mtu aliyekulia katika usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, wenye kwaya nne, matangazo yasiyokwisha na mnada wa ndizi na kuku nje ya mlango, ataona kwamba saa moja tu imepita na mchungaji tayari anatoa baraka. Kila familia ina benchi lake ingawa hakuna lililoandikwa jina, kwa hiyo Jumapili ya kwanza keti nyuma kidogo, upande wa ukutani, uone nani anakaa wapi. Usihesabu upole wao kuwa ni ubaridi. Ibada ni nusu ya shughuli tu. Nusu ya pili iko chini, kwenye kahawa, na wageni wengi hukosea kwa kwenda moja kwa moja kwenye maegesho.

Huko chini ndiko penye mji wenyewe. Jiko la kanisa la Midwest, yaani majimbo haya ya katikati mwa Marekani, lina utaratibu kuliko ofisi nyingi nilizowahi kufanya kazi: milango ya kabati imebandikwa karatasi zinazosema vikombe vinakaa wapi na visu wapi, birika mbili kubwa za umeme zina alama ya ipi ni ya kahawa yenye kafeini, na bakuli za kioo za mstatili zilizoachwa na wenyewe zimewekwa kando zikiwa zimegeuzwa, kila moja na kipande cha utepe mweupe chini chenye jina la ukoo. Mgeni hapewi kupika. Hupewa taulo. Lipokee, maana watu wa huku ni wagumu kuzungumza wakitazamana usoni, lakini mikono yao ikiwa na kazi midomo hufunguka. Nilichokijua kuhusu mji huu, kuanzia fundi wa kuaminika wa mfumo wa kupasha joto nyumba hadi ugomvi wa mashamba wa miaka ya 1980 ambao bado una watu wasioketi benchi moja, nilikijua nikikausha sahani. Neno moja la tahadhari hapo: sikiliza sana, wala usimseme mtu yeyote vibaya, kwa kuwa unayemwambia ni shemeji yake.

Siku za chakula cha kuchangiana, ambapo kila nyumba huleta bakuli lake, peleka kitu cha kwenu, ila kwa busara. Sambusa huisha kabla ya sala. Maandazi yakiwekwa karibu na kahawa hayahitaji maelezo. Pilau hupendwa ikiwa pilipili imebaki nyumbani. Ugali usiupeleke siku ya kwanza. Uache mpaka wakujue. Andika kikaratasi cha viungo, hasa kama kuna karanga, kisha weka jina lako chini ya bakuli. Mara nyingi chakula hakina bei, bali kuna kikapu mlangoni ambamo kila mtu hutoa alichopenda. Mimi hutia dola 10 hadi 15 kwa mtu mzima, na sijaona mtu akichungulia. Utaona pia kwamba kipande cha mwisho cha keki hakiliwi na mtu. Kitakatwa nusu, na nusu yake itakatwa nusu, mpaka ibaki chembe ambayo mama mmoja ataifunga kwenye karatasi na kuondoka nayo.

Kuanzia Oktoba makanisa yenye asili ya Norwei huandaa karamu za lutefisk, yaani samaki wa baharini aliyekaushwa, akalowekwa katika maji ya magadi makali, akaoshwa kwa siku kadhaa, kisha akachemshwa mpaka anatetemeka kwenye sahani. Humwagiwa siagi iliyoyeyushwa. Ladha yake ni ndogo, harufu yake ni kubwa, na tiketi huuzwa mapema kwa sababu watu huendesha gari kutoka kaunti za mbali. Kula kipande kimoja kwa heshima, halafu uombe vitonge vya nyama, ambavyo daima vipo. Kilicho kitamu kweli ni lefse, mkate mwembamba wa viazi unaosukumwa kwa mpini wenye mifereji na kugeuzwa juu ya chuma cha moto kwa kijiti kirefu bapa. Mkono uliozoea chapati hupata haraka, ijapokuwa kinyunya cha viazi hukatika usipokitia unga wa kutosha mezani. Walipoona duara langu limetoka duara, nilihamishwa kutoka kwenye vyombo hadi kwenye meza ya kusukumia, na katika kanisa la namna hii hicho ni cheo. Wakatoliki nao wana Ijumaa za Kwaresima, ambapo samaki wa kukaanga huvuta mji mzima bila kujali dhehebu. Nenda. Hakuna atakayekuuliza umebatizwa wapi.

Kalenda ya wiki nayo ina sheria ambayo haikuandikwa popote. Shule nyingi za Iowa huiacha jioni ya Jumatano kuwa ya makanisa, kwa hiyo hakuna mechi wala mazoezi ya usiku. Ndiyo siku ya mafundisho ya kipaimara, mazoezi ya kwaya, na wakati wa Kwaresima supu kabla ya ibada. Usipange kikao wala sherehe ya mtoto Jumatano. Ijumaa, kinyume chake, ni ya shule. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba taa za uwanja zikiwaka, mchungaji, daktari wa meno na mwenye duka la mbegu wote wako kwenye viti vya aluminiamu wakitazama mpira wa Kimarekani, ambao shule ndogo huucheza kwa wachezaji wanane tu kila upande kwa sababu hawatoshi kumi na mmoja. Huhitaji kuuelewa. Simama watu wakisimama, na wakati wa mapumziko kanunue kile kifuko cha chipsi za mahindi kinachochanwa ubavuni, kikamwagiwa nyama ya kusaga na jibini, ukala kwa uma ukiwa umesimama. Wazazi ndio wanaouza, na wao pia hutafuta mikono ya kuwasaidia.

Kuna mlango mwingine wa mazungumzo ambao nawapa wageni wote, hasa kinamama. Ukikaa karibu na bibi wa miaka 60 au 70, muulize kama alicheza mpira wa kikapu shuleni. Mpaka mwaka 1993 wasichana wa Iowa walikuwa na mchezo wao wa watu sita kila upande: watatu wa kufunga katika nusu moja ya uwanja, watatu wa kulinda katika nusu nyingine, mstari wa katikati hauvukwi, na mwenye mpira haruhusiwi kuudundisha zaidi ya mara mbili. Mashindano ya jimbo yalianza mwaka 1920, yakaja kuwa tukio kubwa la Des Moines, mji mkuu wa jimbo, huku vijiji visivyo hata na taa ya barabarani vikihama kwenda kushangilia binti zao. Nimeona bibi mtulivu, ambaye kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya habari ya hali ya hewa, akisogeza vikombe vya kahawa mezani kunionyesha walinzi wake walivyosimama na mahali alipopokea pasi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitengea kiti.

Majira ya joto burudani hutoka nje. Mwaka 1921 Iowa ilipitisha sheria iliyoiruhusu miji kutoza kodi kwa ajili ya bendi ya mji, na Karl King, mtunzi aliyeishi Fort Dodge, akaitungia sheria hiyo wimbo wa gwaride, jambo ambalo sijasikia likifanyiwa sheria ya kodi mahali pengine. Ndiyo maana miji midogo mingi bado ina bendi inayopiga bustanini jioni. Watu huja na viti vya kukunja. Wazee wengine hubaki ndani ya magari, na kipande kikiisha hupiga honi badala ya makofi. Kanisa fulani huuza pai na aiskrimu pembeni. Kwa sisi tuliokulia kwenye matarumbeta ya sharika za Kilimanjaro ala hizi si ngeni hata kidogo, na kama uliwahi kupuliza tarumbeta kwenye harusi za Moshi, mwambie kiongozi wa bendi. Wapulizaji hawatoshi kamwe. Maonyesho ya kaunti ya Julai, pamoja na watoto wanaotembeza ng'ombe waliowalea wenyewe, nayo huwa na kibanda cha chakula cha kanisa, na zamu zake hupangwa wiki kadhaa kabla. Wiki ya mwisho ya Julai maelfu ya waendesha baiskeli huvuka jimbo kutoka Mto Missouri hadi Mto Mississippi, kama ilivyofanyika tangu 1973, kwa njia inayobadilika kila mwaka. Ikipita kwenu, jiandae kuoka pai usiku kucha. Baa ziko pia, tena zina baga nzuri, nami sioni ubaya wa mshirika kuonekana huko, ingawa najua wapo wa kwetu watakaonuna.

Misiba nimeiweka mbali na burudani, lakini ndiko mji unakokupima. Jioni kabla ya mazishi watu hupanga foleni kutoa pole kwa familia mbele ya jeneza. Hakuna kilio cha sauti, hakuna kukesha, na maneno ni machache. Nenda hata kama marehemu ulimjua kwa kupungiana mikono tu posta. Sema jina lako, sema ulimjua wapi, shika mkono, songa mbele. Kesho yake wanawake wa kanisa huandaa mikate yenye siagi na nyama ya nguruwe, viazi vya kuoka na jibini, na vitamu vilivyokatwa mraba. Ukipigiwa simu uombwe kuleta sinia la vitamu hivyo, ujue umeshaandikwa kwenye orodha ya wenyeji.

Usishangae kukuta Tanzania imekutangulia. Sinodi ya Augustana, kanisa la Walutheri wenye asili ya Uswidi ambalo nguvu zake zilikuwa katika majimbo haya, ilituma wamisionari Tanganyika tangu miaka ya 1920. Jirani zetu wa Saint Paul, Minnesota, wana urafiki na Dayosisi ya Iringa unaoitwa Bega kwa Bega, na kila usharika utamkuta mzee aliyewahi kulala Iringa au kupanda Kilimanjaro akataka kukusalimia kwa Kiswahili chake chote. Mvumilie. Kitabu cha nyimbo cha Walutheri hawa kina "Mfurahini, Haleluya" ya Mchungaji Bernard Kyamanywa kwa tuni ya Kihaya, iliyotiwa Kiingereza na Howard Olson, mmisionari aliyefundisha Makumira, chuo cha Walutheri huko Tanzania. Pasaka ikikaribia, mwendee mwalimu wa kwaya ujitolee kuwafundisha mwendo wake halisi, kwa kuwa wanauimba polepole mno.

Wanaokosa ibada ya Kiswahili wataipata Des Moines na Cedar Rapids, ambako ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wamejenga makanisa yenye uhai. Kwenda huko mara moja moja ni dawa ya roho, nami huenda. Lakini usihamishe Jumapili zako zote huko ukabaki kulala tu katika mji unaoishi, hasa kama una watoto, kwa kuwa wenzao wa darasani ndio wanaokutana kwenye kipaimara Jumatano. Wale wanaofanya kazi zamu za Jumapili wasione haya kumweleza mchungaji. Atawapa kazi ya katikati ya wiki, na wenye kushona mablanketi ya vipande vya vitambaa kwa ajili ya wakimbizi kwa kawaida hukutana mchana wa siku za kazi, wakiwa na sindano za akiba na kahawa.