Jibu: Lori linazima asubuhi Kinangop, Malindi halina shida

Ndugu, nimekuelewa. Huku Malindi lori lakwenda vizuri na dizeli ya mimea (inayotengenezwa kwa mafuta ya kupikia) unayouziwa na jamaa anayekusanya mafuta ya kukaangia mahotelini, lakini ukilala Kinangop kupakia viazi, asubuhi linawaka kidogo kisha linakata. Usikimbilie kufungua pampu. Nionavyo, ni mafuta yanayoganda.

Mafuta mengi ya kukaangia kwetu ni ya mawese, na dizeli yake huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi. Kinangop usiku hushuka chini ya 10. Tia kidogo kwenye chupa, uiache nje usiku kucha: ikipambazuka nyeupe kama uji, ndivyo ilivyo na ndani ya filta.

Kabla ya kupanda bara, weka sehemu 1 ya mimea kwa 4 za dizeli ya kawaida. Changanya huku huku pwani kwenye joto. Yakishaganda hayachanganyiki vyema. Beba filta ya akiba, maana dizeli hii hung'oa uchafu wa zamani wa tangi. Likikwama, mwagia filta maji ya moto. Moto chini ya tangi, hapana, hata kama madereva wenzako wanafanya. Petroli pia usitie.

Muulize huyo jamaa: mafuta ya kukaangia anayapika kwa methanoli (aina ya spiriti) na kuyaosha, au anachuja tu? Kama anachuja tu, hayo bado ni mafuta ya kukaangia, si dizeli; acha kununua. Na ukiona mipira ya kupitishia mafuta imelainika au inavuja, mwone fundi wa pampu kabla ya safari.